Mwanamke wa Tatu Mstarini

Mudzipela, Bunia, jioni

Mave mwanangu,

Kabla hujaendelea, nakuomba kitu kimoja, na nakiomba kama mtu aliyepiga magoti: usimsomee mtu barua hii. Si mjomba wako huko Kinshasa, si mke wake, si wasichana utakaolala nao chumba kimoja. Zaidi ya wote, koko, mama yangu mwenyewe, asijue. Ukimaliza kusoma, ichane. Koko akipata neno lake hata moja kabla ya siku ya mbio, atampigia mjomba simu, na mjomba hajawahi kumkatalia mama yake kitu. Utarudishwa Bunia na baiskeli yako ndani ya katoni bila kuifungua.

Naiweka barua chini ya gurudumu la mbele, ndani ya katoni hiyohiyo, kwa sababu nakujua. Hutafungua mpaka ufike. Ukifungua leo, utakataa kwenda.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi si karani wa ligi ya baiskeli tena. Wiki hii yote umeniona asubuhi nikitoka na mkoba wangu na viatu vyangu vya biro, na koko akinisindikiza kwa baraka mpaka mlangoni. Sikuwa nakwenda biro, ofisini kwa ligi. Meza yangu ina mtu mwingine sasa, kijana wa watu, anapiga mashine kwa vidole viwili.

Nakusikia upo uani na akina mama wa kanisa. Wanakuimbia, na koko anakuambia kwa mara nyingine namna ya kuchemsha maji ya Kinshasa, ambayo yeye hajawahi kuyanywa. Kwa hiyo sitaandika juu ya maji, wala nguo, wala kusali. Hayo umeyapata. Nimesema kichwa kinaniuma nikaingia chumbani. Kichwa hakiumi. Nimeona tu kwamba kila anayekuaga anapata zamu yake ya kukushika mkono, na mimi zamu yangu haifiki, kwa sababu mama hapangi mstari.

Unaikumbuka kanuni, maana nilikufanya uikariri kama katekisimu. Msichana anayekwenda kwenye mashindano ya taifa ya baiskeli za mlimani ni yule aliyetangulia katika mbio za jimbo lake, na mbio hizo lazima ziwe na kibali cha ligi. Kibali kilikuwa kazi yangu: ombi liletwe mapema, njia ipimwe, muuguzi awepo, barua ya polisi iwepo, komisera, mwamuzi wa mbio, awepo na kadi yake. Bila hayo, hata ukiushinda upepo umetembea tu. Na kwa wasichana kuna neno moja zaidi: wasipokuwa watatu wenye lisansi, leseni ya mwendeshaji, kwenye mstari filimbi inapolia, mbio yao haihesabiwi. Hawaulizi wangapi walifika. Wanauliza wangapi walianza.

Ndiyo maana asubuhi ya mbio za jimbo letu la Ituri nilikuwa nawahesabu. Wewe ulikuwepo, Esperanse alikuwepo, na Lotsove alikuwa anatoka Bambu. Nilikuwa nimempigia simu jana yake. Alipopiga yeye, nilijua kabla hajasema, kwa sababu alikuwa ananong'ona.

“Mama Mave, barabara imefungwa. Tulisikia masasi usiku. Siye tuko ndani ya shule na batoto.”

“Uko muzima?”

“Niko muzima. Kinga yangu tu njo nimeiacha.” Kisha akasema, “Musiningoje.”

Msichana aliyekimbia risasi usiku na watoto, baiskeli yake akaiacha, ananiomba radhi kwa kukosa mbio. Nilikwenda kumwambia komisera, naye akaangalia saa yake, akakuangalia wewe na Esperanse mkipasha miguu, akasema, “Basi, watembee na vijana. Mwaka ujao.”

Mwaka ujao. Mave, neno hilo mimi nalijua ladha yake. Nilipomaliza shule nilipata nafasi ya chuo Kisangani. Kulikuwa na kiti katika ndege, watu wa parokia walikwisha kunitafutia. Nikasema ngoja nipate muhuri mmoja zaidi kwenye diploma yangu, wasije wakanirudisha. Nilipoupata muhuri ndege ilikuwa imekwenda, na vita vikafunga yale yaliyobaki. Mwaka ujao ulipofika, nilikuwa na wewe tumboni. Usisome hapo kwamba najuta kukuzaa. Nakuambia tu kwamba mama yako aliamini faili ikikamilika hakuna baya litakalompata mtu, na aliamini hivyo kwa miaka mingi kuliko inavyostahili.

Mimi nami nina lisansi, nayo ilitoka kwenye ugonjwa huohuo. Federasyo ya taifa huko Kinshasa ilipoleta namna mpya ya kuomba lisansi kwa kompyuta, rais wa ligi aliniambia, “Mama Mave, jaza moja ya mfano, tuone kama itapita.” Mtu mwingine angeandika Fulani mwana wa Fulani. Mimi niliandika jina langu, nikaweka picha yangu, nikaenda hata kwa daktari anipime moyo, kwa sababu pale palikuwa na nafasi ya cheti cha daktari na nafasi tupu hunikosesha usingizi. Kinshasa waliona faili kamili. Wakaipitisha. Ikarudi lisansi halali: mwendeshaji, mwanamke, daraja la wakubwa. Rais alicheka mpaka akavua miwani. Tukaibandika ukutani, na kila mgeni aliyeingia biro alionyeshwa bingwa wa Ituri aliyekaa nyuma ya meza akinywa chai.

Basi, komisera aliposema mwaka ujao, niliiona lisansi ile ukutani kana kwamba niko mbele yake. Nilivua kitambulisho cha ligi shingoni, nikampa muuguzi meza yangu na filimbi ya akiba. Nikauliza kama wasichana wa umri wenu na mwanamke mkubwa wanaweza kuhesabiwa pamoja. Komisera akafungua kanuni, akasoma kwa kidole, akasema wanaweza, mradi wote wana lisansi na baiskeli zina freni mbili. Kijana mmoja wa kundi la kwanza, aliyekwisha kumaliza mbio yake, akanipa baiskeli yake, bado ina jasho.

Ulinitazama kwa uso ambao sijausahau. “Mama, unafanya nini?”

“Naanza.”

“Mama, hujui hata kubadilisha vitesi!”

“Sitafuti kufika. Natafuta kuanza.”

Watu walijaa pale chini ya kilima, unawajua watu wetu. Mmoja akapaza sauti, “Karani, unapeleka barua wapi?” Mwingine, “Mama Mave, freni iko ku mukono, haiko ku mudomo!” kwa sababu nilikuwa nalia Yesu, Yesu, kabla hata filimbi haijalia. Nilikuwa nimepanga kuvuka mstari, kwenda mpaka kwenye mikaratusi ya kwanza, kushuka na kurudi kwa miguu. Kanuni ingekuwa imetimia.

Lakini sikushuka. Hili sijakueleza, kwa kuwa ulikuwa mbele na hukuona. Nilipofika kwenye mikaratusi sikusikia watu tena. Nilisikia pumzi yangu tu na mnyororo. Niliogopa, ndiyo, lakini nilikuwa nimezoea kuogopa nikiwa nimekaa. Kuogopa huku unakwenda ni kitu kingine. Nikasema nitashuka kwenye kona. Kona ikapita.

Mteremko ndio ulioniangusha. Unakumbuka mtaro ule, upande wa kushoto, pale mlipozoea kuruka. Niliuona tangu mbali na sikuacha kuutazama mpaka nikawa ndani yake. Nikalala chali, baiskeli ya mtoto wa watu juu yangu, goti limefunguka. Kisha nikasikia tairi nyuma yangu, na nikajua ni wewe, umemaliza mzunguko mzima na sasa unanipita. Ulisimama. Ukaweka mguu chini.

“Mama, damu!”

“Enda.”

“Mama, ngoja nikuinue kwan–”

“Mave! Enda!”

Ukaenda. Nikasikia ukibadilisha vitesi, gia zikashika, tairi likakwaruza kwenye kona, halafu kimya. Baadaye kidogo alikuja Esperanse, naye hakusimama, akasema tu “Pole, mama” kwa adabu kabisa, kama tumekutana sokoni, akapita. Nikacheka pale mtaroni peke yangu. Kisha nikalia.

Sikulia kwa sababu ya goti. Sauti niliyokupigia haikuwa yangu. Ilikuwa ya koko. Umekua ukijua kwamba tulikimbia mapigano ya Djugu kwa miguu nikiwa mtoto, lakini koko hapendi nieleze, nami nimemtii. Leo sitamtii. Tulipokuwa njiani, miguu yake ilikataa. Alikaa chini kwenye shamba la mihogo, na watu waliokuwa nasi walikuwa wanapita. Nikasimama mbele yake. Akaniambia, “Enda.” Nikasema sitaki. Akanipigia kelele neno lilelile kwa sauti ambayo sikuijua, kama ananifukuza kwake. Nikaenda na watu. Sikugeuka, kwa kuwa niliogopa kwamba nikigeuka atakasirika zaidi. Nililala kwenye baraza la kanisa hapa Bunia na watoto wasio wangu, mpaka siku alipotokea, amebebwa kwenye baiskeli ya mtu wa mawese, katikati ya bidoni za mafuta.

Hatukuwahi kuzungumza juu yake. Na mimi, Mave, nilikua na jiwe dogo moyoni kwamba siku ile mama yangu hakunitaka. Nimekuwa mwanamke, nimezaa, nimefanya kazi ya biro, na jiwe lilikuwa palepale. Kila mtu aliponiambia nenda, nenda Kisangani, nenda ukajaribu, nilisikia mtu ananifukuza. Labda ndiyo maana nilitafuta mihuri. Anayengoja muhuri ana sababu ya kutoondoka.

Pale mtaroni ndipo nilipojua anayebaki anasikia nini. Anasikiliza kama mtoto anakwenda kweli. Anahesabu kila sauti mpaka hakuna sauti. Halafu anabaki na ukimya, na ukimya ule, mwanangu, ni mzito, lakini ndani yake kuna kitu kama shukrani. Koko hakunifukuza. Ilibidi nianguke kwenye mtaro ndipo nimwelewe mwanamke ninayekula naye sahani moja.

Kwa hiyo kesho kwenye uwanja wa ndege, nikikuambia “enda” kwa ukali, sasa unajua. Kwa kuwa utasoma hili ukiwa umefika, utakuwa umeshaudhika. Nisamehe, hata kwa kuchelewa.

Sasa nikurudishe kwenye kazi. Ulishinda, ukabebwa, koko akacheza pale uani mpaka kitenge kikamfunguka. Mimi nilirudi biro na bandeji, nikakaa kuandika ripoti ya mbio, na hapo ndipo kanuni nyingine ilipoinua kichwa. Nilikuwa nimeisoma, maana mimi ndiye niliyeipiga mashine. Inasema afisa wa ligi asiwe na lisansi ya mwendeshaji katika msimu huohuo. Akionekana anavyo vyote viwili, cheo na lisansi, achague kimoja kabla majina hayajapelekwa Kinshasa, na kile alichokiacha kihesabiwe hakikuwapo tangu mwanzo.

Soma tena mwisho wake. Hakikuwapo tangu mwanzo. Nikichagua meza, lisansi yangu haikuwapo. Lisansi ikiwa haikuwapo, mstarini mlikuwa wawili. Mkiwa wawili, hukushinda kitu. Nikiiacha meza, mbio inabaki, kwa kuwa kibali husainiwa na rais, mimi nakiandaa tu.

Nilimwendea rais. Alikuwa anakula karanga.

“Nani amekuuliza jambo hili?” akasema.

“Hakuna mutu, rais.”

“Basi mwenye kulala unamwamusha kwa nini?”

“Ataamka mwenyewe. Ataamka Kinshasa, siku ya mbio, mutoto akiwa na namba ku mugongo. Watu wa jimbo lingine wataleta malalamiko, na watamtoa mustarini mbele ya watu wote.”

Akatafuna polepole. Si mtu mbaya, rais. “Mama Mave, weye unaogopa kila kitu.”

“Ndiyo, rais.”

“Chagua basi. Lakini ujue, ligi haina mwingine mwenye kujua kanuni kama weye. Na mezani utarudi lini, mimi sijui. Msimu ukiisha, tutaona.”

Nilichagua nikiwa nimesimama. Labda ningekaa nisingeweza. Akaandika, nikasaini, akagonga muhuri. Niliuangalia ule muhuri ukikauka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu haukuniletea amani yoyote. Lakini jina lako lilikwenda Kinshasa siku ileile, safi, na hakuna mtu huko atakayeweza kulitoa kwa sababu yangu.

Unajua kwa nini koko asijue. Alipokubali uende, ukabaki huko na klabu kama watakupenda, alisema mbele ya mjomba kwenye simu, “Mama yake iko na kazi ya biro. Mutoto akishindwa kule, iko na mahali pa kurudia.” Hilo ndilo neno lililokufungulia mlango. Akijua kwamba mahali pale pamekwenda kwa ajili ya lisansi yangu, atasema familia haiwezi kusimama kwa mguu mmoja, na atakuita. Atakuwa na haki, kwa namna yake. Siku mbio zikiisha nitamwambia mwenyewe, mdomo wangu kwa sikio lake, na atapiga kelele, nami nitanyamaza. Hiyo niachie.

Sikuandiki haya ili ukimbie kwa deni. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwamba utafika mstarini umenibeba mgongoni. Usinibebe. Ukifika wa mwisho, bado nitakuwa nimechagua sawa, kwa sababu nilichochagua ni wewe uanze. Ukichoka, choka. Ukiona huko si mahali pako, rudi, tutakula kilichopo. Mimi nilipokuwa na umri wako nilidhani nafasi ni kitu unachopewa ukikamilisha. Sasa naona watu wengine husimama tu kwenye mstari ili idadi itimie na mwingine apite. Sijui kama hilo ni funzo. Ni jambo nililoliona.

Utataka kujua asubuhi nakwenda wapi. Baiskeli yako ya zamani iko kwa kina Esperanse. Naacha mkoba na viatu vyangu pale, navaa raba, tunapanda kilima sote wawili. Anafikiri niko likizoni. Ananifundisha kuteremka. “Mama, hapana kuangalia shimo,” ananiambia kila siku, bila huruma. “Ukiangalia shimo, utaingia mu shimo. Angalia fasi unataka kwenda.” Jana niliupita ule mtaro. Si kwa kuruka, usicheke. Niliupita kwa pembeni.

Lotsove amefika Bunia na wadogo zake, wamepokelewa na ndugu. Ameuliza mbio za pili ni lini. Zimekwisha kuombewa kibali, na wewe ukiwa umekwenda, yeye na Esperanse ni wawili. Niliuona uso wa Esperanse alipokuwa anahesabu. Hakuniomba. Mimi mwenyewe nilimwambia kwamba lisansi yangu bado ni hai.

Wimbo umekwisha uani. Naona wanakuombea sasa, na koko ananiita nije niweke mkono juu ya kichwa chako. Nakwenda. Ngoja niandike namna ya kunipata.

Namba ya biro ifute, kijana wa watu nimemwomba aseme nimetoka kidogo, na hajui kusema uongo vizuri. Usipitie simu ya koko. Simu yangu ni ileile unayoijua. Jioni niko nyumbani na kuta zina masikio, kwa hiyo nitumie ujumbe mfupi tu, useme umekula; nitaelewa. Ukitaka sauti yangu, piga mchana jua likiwa katikati, wakati Esperanse amekwenda shule na mimi nabaki kwao kusafisha mnyororo. Siku ya mbio zako piga kabla ya kwenda mstarini, saa yoyote, hata koko akiwa pembeni nitapokea.

Asubuhi usitegemee. Nitakuwa kilimani, na upande wa mikaratusi mtandao hupotea. Ukipiga na simu ikalia bila mtu kushika, usiogope kama ninavyoogopa mimi. Ujue niko kwenye mteremko, na mikono yote miwili iko kwenye freni. Nikifika chini, nitakupigia.

Mama yako